Mayai 200 ya Nakazawa: Uhakiki wa Mtu Ambaye Hajala Sushi

Nianze kwa kukiri kosa kabla sijashtakiwa. Mgahawa ninaotaka kuuzungumzia sijawahi kuukanyaga. Uko Ginza, Tokyo, chini ya ardhi, na mlo mmoja pale ungemeza kodi yangu ya chumba ya miezi kadhaa. Wahenga walisema uhondo wa ngoma uingie ucheze, na mimi ngoma hii nimeitazama kwa mbali tu, kwenye kompyuta ya mshkaji wangu, Jumamosi moja ambayo umeme ulitukubalia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninachohakiki hapa ni filamu: Jiro Dreams of Sushi, ya Mmarekani David Gelb, iliyotoka mwaka 2011. Samaki wenyewe nawaachia waliowala.

Utauliza, jarida la waandishi chipukizi na sushi wapi na wapi? Swali la haki. Jibu ni kwamba filamu hii sasa imegeuka kuwa fimbo katika kijiwe chetu. Aliyetuonyesha ni mzee wetu wa warsha, ambaye jina lake naliacha. Tulikuwa vijana kama 14 tumebanana kwenye chumba kimoja, kahawa na kashata mkononi. Filamu ilipokwisha mzee akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Mmeona? Mwenzenu amepika mayai mara 200. Ninyi mnaandika hadithi moja, mnataka kitabu."

Watu wakatikisa vichwa. Mimi pia nilitikisa. Lakini nilitoka pale na kitu kimenikwama kooni, na haikuwa kashata. Makala haya ni jaribio la kukitema.

KISA CHENYEWE

Kwa wasioiona, kisa ni hiki. Jiro Ono alizaliwa mwaka 1925. Aliondoka kwao angali mtoto mdogo, akaenda kujitafutia riziki, akaingia katika ufundi wa sushi, na mwaka 1965 mgahawa wake, Sukiyabashi Jiro, ukafunguliwa. Una viti 10 tu, vyote vimetazama kaunta moja. Uko chini ya jengo la ofisi, karibu na kituo cha treni za chini ya ardhi. Choo kiko nje. Kama hujaelekezwa utapita tu.

Mwongozo wa Michelin wa Tokyo ulipotoka kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa 2007, mgahawa huo ulipata nyota 3, daraja la juu kabisa. Aprili 2014 Waziri Mkuu Shinzo Abe alimpeleka Rais Obama kula pale. Novemba 2019 Michelin wakauondoa katika orodha yao. Chakula hakikuwa kimeshuka. Kisa ni kwamba mgahawa ulikuwa haupokei tena maombi ya watu wa kawaida. Mpaka uwe mteja wa siku nyingi, au ukae hoteli ya kifahari ikuombee kiti. Kizuri chajiuza, sawa, lakini hiki kilifika mahali kikaacha hata kujiuza.

Chakula chenyewe ukikitaja kwa maneno hakitishi. Ni tonge dogo la wali uliotiwa siki, juu yake kipande cha samaki. Wengine ni wabichi, wengine wamelala kwenye chumvi na siki, wengine wamechemshwa. Hakuna cha kutangulizia mdomoni, hakuna cha kuchagua. Unakula anachokupa, kimoja kimoja, kama vipande 20 hivi. Wakati filamu inapigwa bei ilikuwa inaanzia yeni 30,000, na tunaambiwa kwamba anayekula haraka anaweza kumaliza kwa dakika 15. Piga hesabu mwenyewe: ni yeni 2,000 kwa kila dakika ya kutafuna.

Filamu haikumbushi vya kutosha asili ya chakula hiki, na kwetu sisi jambo hilo lina maana. Sushi ya kufinyangwa kwa mkono ilistawi mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, katika karne ya 19. Ilikuwa ikiuzwa kwenye vibanda vya mtaani, mtu anakula amesimama, anafuta vidole, anaendelea na safari zake. Yaani, jamani, ilikuwa chipsi mayai ya watu wa Edo! Utukufu wake wa leo haukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa na kitu cha mtaani, wakakiheshimu, wakakitazama upya kila siku. Kwa hiyo kijana anayeandika visa vya daladala na mapenzi ya uswahilini asikubali kuambiwa kwamba malighafi yake ni ya kishamba. Suala ni atakaa nayo muda gani, na nani atakuwa anaionja.

Hapo kwenye kuonja ndipo ninapotaka kufika.

JINSI MZEE JIRO ANAVYOMSOMA MLAJI

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui, kama vile mtu anavyotenganisha mchele na chuya. Filamu hii ingewapa taabu walimu wetu. Hapa fani ndiyo maudhui.

Mtazame mzee wa miaka 85, amesimama nyuma ya kaunta. Mbele yake ameketi mteja. Anafinyanga tonge, analiweka mbele ya mlaji, halafu anatazama. Akigundua kwamba mlaji anatumia mkono wa kushoto, kipande kinachofuata anakiweka upande wa kushoto. Wanawake anawapa tonge dogo kidogo ili wote waliokaa waende sambamba. Wali unatolewa ukiwa na joto la mwili wa binadamu. Kila samaki ana wakati wake wa kuliwa, na ukikaa kupiga soga mbele ya kipande kilichoiva wakati wake, umekikosa.

Halafu kuna pweza. Sisi watu wa pwani pweza tunambamiza kwenye jiwe mpaka anyooke. Wao wanamkanda kwa mikono. Zamani walikuwa wanamkanda kwa dakika 30, Jiro akaona bado mgumu, ikawa dakika 40 hadi 50. Kijana mmoja amesimama pale anakanda pweza karibu saa nzima, kwa ajili ya kitu ambacho mlaji atakimeza kabla hajamaliza kusema asante.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu bwana amesifiwa mpaka na marais, na tembo hajalitia maji. Kama filamu ingekuwa na sifa hii moja tu, ingetosha mtu kuitazama mara mbili. Nimeitazama mara tatu.

MAYAI

Kipande cha kufungia mlo ni mayai. Usidhani ni kimanda cha chapuchapu. Kimeshikana, kimenyooka, ukikitazama utadhani ni kipande cha mkate wa mayai wa Unguja. Na hapa ndipo anapoingia Daisuke Nakazawa.

Mwanagenzi akifika kwa Jiro anaanza na taulo. Kazi yake ni kukamua taulo za moto wanazopewa wateja kufutia mikono, moto wa kuunguza viganja. Asiyeweza kukamua taulo hagusi samaki. Anayegusa samaki anajifunza kukata na kuandaa. Inapita miaka kama 10 ndipo anaruhusiwa kupika mayai.

Nakazawa alidhani yupo tayari. Si alikuwa amewaona wenzake wakipika miaka yote ile? Akapika. Wakaonja, wakasema hayafai. Akapika tena. Hayafai. Anasimulia mwenyewe, kwa uso wa mtu anayeona aibu na raha kwa pamoja, kwamba ilikuwa hivyo kwa miezi, mpaka mayai yaliyokataliwa yakapita 200. Siku Jiro aliposema kwamba sasa haya ndiyo, na kumwita fundi, Nakazawa alilia. Mwaka 2013 yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta ya mgahawa wenye jina lake, New York.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo mzee wetu wa warsha aliipenda, na ndiyo iliyonikwama. Maana siku ile sote tulihesabu mayai. Hakuna aliyehesabu vinywa.

Fikiria vizuri. Kama mayai 200 yalikataliwa, basi kuna mtu aliyaonja mara 200. Aliyeonja alikuwa na njaa au ameshiba, alikuwa na usingizi, alikuwa na wateja wanaomsubiri, lakini aliweka kipande mdomoni, akatafuna, ndipo akasema hapana. Na kesho yake akaonja tena. Ile hapana ilikuwa kazi. Nakazawa hakuwa peke yake jikoni na subira yake. Ukiniondolea yule muonjaji, kinachobaki si mafunzo tena, ni kijana anayepoteza mayai.

MUSWADA WANGU

Sasa niseme la kwangu, na atakayekasirika anisamehe.

Miaka miwili iliyopita nilimpelekea mzee wetu muswada wa hadithi fupi, kurasa 86, zilizochapwa kwa pesa ya kuazima. Kabla sijaupeleka nilifanya ujanja niliousikia kwa waandishi wa zamani: ukurasa wa 11 na wa 12 niliubandika kwa tone dogo la gundi. Tone la kichwa cha kiberiti. Mtu akifungua tu, linaachia.

Ulikaa kwake miezi 14. Kila nikimwamkia, "Shikamoo mzee," ananijibu "Marahaba, mwanangu, nipo nao." Siku aliponirudishia alinishika bega kwa upendo, akasema: "Bado. Haujaiva. Kaandike tena." Nikamshukuru kwa mikono miwili. Njiani kwenye daladala, nimesimama nimeshika bomba kwa mkono mmoja, nikafungua ukurasa wa 11. Gundi ilikuwa palepale.

Sikusema kitu, na mpaka leo sijamwambia. Nadhani anasoma jarida hili, kwa hiyo sasa nimemwambia.

Sitaki msomaji afanye haraka kumhukumu. Mzee huyu ndiye anayetupa chumba, kahawa anatoa mfukoni mwake, na nyumbani kwake nimeona rundo la miswada ya vijana limefika kwenye kiti cha mkono. Hakuna anayemlipa shilingi. Jiro anaonja kwa sababu kesho kuna mteja atakayelipa yeni 30,000. Mzee wetu angeonja kwa thawabu tu. Na inawezekana kabisa kwamba muswada wangu haujaiva! Mimi mwenyewe nikisoma hadithi ya pili naona chumvi imezidi. Lakini sikuijua mahali ilipozidi mpaka nilipoigundua peke yangu, baada ya mwaka mzima wa kurekebisha hadithi nyingine ambazo labda hazikuwa na tatizo.

Ndiyo hoja yangu, na nisingependa izungukwe. Subira tunayohubiriwa ni subira ya upande mmoja. Tunaambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumeinama. Aliyekitupa mvunguni naye ainame kidogo atuonyeshe kiko pembe ipi.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Nirudi kwenye filamu, maana mhakiki asiyerudi kwenye kazi anayoihakiki ni mlalamikaji tu.

Filamu imefaulu kutuonyesha mikono. Imefaulu pia kuonyesha kwamba ufundi ule ni mnyororo. Sokoni kuna muuza jodari ambaye, wakiwapo jodari 10, kwake bora ni mmoja tu, na huyo ndiye anayemnunua, la sivyo anarudi mikono mitupu. Kuna muuza mchele aliyekataa kuiuzia hoteli kubwa mchele ule, kwa hoja kwamba hawajui kuupika. Jiro anawaamini hawa kuliko anavyojiamini yeye. Wakati ule soko lilikuwa Tsukiji. Biashara ya samaki imehamia Toyosu tangu Oktoba 2018, kwa hiyo picha zile sasa ni kumbukumbu.

Ilipokwama, kwa maoni yangu, ni katika kupenda kupita kiasi. Samaki akipakwa mchuzi wa soya, picha inapunguzwa mwendo, muziki wa Philip Glass unapanda, unaona kama tumeingia mahali patakatifu. Mara ya kwanza nilisisimka. Mara ya tatu nilitaka mtu apige chafya. Watu wanaokula mbele ya kaunta wanaonekana wameogopa, na filamu inauchukulia woga wao kama sifa ya mpishi. Mimi nadhani chakula kinachokuogopesha kimekunyima sehemu ya utamu wake. Nyuma ya kaunta sikuona mwanamke. Mke wa Jiro sikumsikia akisema neno, ingawa tunaambiwa kwamba watoto walipomwona baba yao amelala nyumbani Jumapili, walimweleza mama yao kwamba kuna mtu wasiyemjua amelala ndani. Watu mle chumbani walicheka. Mimi nilimfikiria huyo mama, alijibu nini?

Lakini jambo kubwa zaidi filamu inalisema halafu inapita kama haijasema. Jiro ana wana wawili. Mdogo, Takashi, alikwenda kufungua tawi Roppongi. Mkubwa, Yoshikazu, alibaki na baba, na filamu inapigwa ana miaka 50, bado ni msaidizi. Jiro alipougua moyo akiwa na miaka 70, aliacha kwenda sokoni, na tangu hapo Yoshikazu ndiye anayekwenda, kwa baiskeli, kuchagua samaki. Karibu na mwisho Yamamoto, mhakiki wa chakula anayetuongoza katika filamu nzima, anatoa siri: wakaguzi wa Michelin walipokuja kula, aliyewafinyangia sushi alikuwa Yoshikazu.

Hebu isome tena hiyo. Nyota 3 zilizompa baba jina la dunia zilitoka kwenye mikono ya mtoto ambaye watu walikuwa bado wanajiuliza kama ataweza kuvaa viatu vya baba.

Filamu ingeanzia hapo, ingekuwa filamu nyingine. Ingeuliza swali ambalo mzee wetu hakutuuliza: mwanagenzi huacha kuwa mwanagenzi lini? Je, ni siku anapoiva, au ni siku mkubwa anapochoka? Nakazawa aliambiwa. Alipewa jina la fundi mdomoni mwa Jiro, akalia, akaenda zake. Yoshikazu alikuwa ameiva mpaka wakaguzi wamekula na kutoa nyota, na bado jina juu ya mlango lilikuwa la baba. Wote wawili walikuwa na subira. Tofauti yao haiko kwenye mayai.

NA MIMI JE?

Ningependa kuishia hapo nikiwa mshindi, lakini si haki.

Kuna dada mmoja anatoka Temeke, mgeni kijiweni kwetu. Kabla ya siku ile ya filamu alikuwa amenipa hadithi yake, kurasa 12 za mwandiko, kwenye daftari la shule. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa nasubiri chai. Ulianza na jua kuchomoza na ndege kuimba, nikasema moyoni, basi. Nikamrudishia daftari, nikamwambia kwa sauti nzito: "Bado, dada. Kaza buti." Alisema "Asante, kaka" kwa mikono miwili, kama mimi nilivyosema kwa mzee.

Nililikumbuka hilo wakati naandika aya ya gundi. Sijui kama naye aliweka gundi, sikuthubutu kumuuliza. Jumamosi iliyofuata nilimwomba daftari tena. Alinitazama kwa mashaka, lakini alilitoa. Nilisoma kurasa zote 12, mara mbili. Jua na ndege ni mzigo tu, vinaweza kutolewa. Ukurasa wa 4 kuna mama anayehesabu chenji gizani kwa kupapasa sarafu, ili mumewe asisikie. Niliacha kunywa chai. Pembeni mwa ukurasa huo niliandika kwa penseli: "Anzia hapa." Ukurasa wa 9 niliandika: "Huyu shangazi ametoka wapi?"

Nilidhani atashukuru. Alisoma maandishi yangu pale pale, akakunja uso, akasema: "Kaka, shangazi yupo tangu ukurasa wa 2. Wewe hujasoma vizuri." Tukafungua. Kumbe kweli yupo, katika sentensi moja, nilimruka. Tukabishana karibu saa nzima juu ya shangazi, kama sentensi moja inatosha kumwingiza mtu ndani ya hadithi au haitoshi. Yeye anasema inatosha. Mimi nasema haitoshi.

Amelichukua daftari, amesema atalirudisha Jumamosi na shangazi wake palepale. Nami nimemletea muswada wangu, kurasa 86. Ile gundi nimeibandua.